Risiti Ninazowashia Moto

Shangazi, shikamoo.

Barua hii nimeiandika mara mbili nikaifuta. Leo nimeamua iende hivyohivyo ilivyo.

Mimi ni mama lishe. Napika na kuuza chakula kando ya barabara, karibu na kituo cha mabasi, mwaka wa tisa sasa. Saa tisa usiku nimeshaamka, saa kumi moto umewaka, na saa kumi na mbili kasoro wateja wa kwanza wapo: walinzi wanaotoka lindo, makondakta, vijana wa kushusha mizigo. Mchana wanakuja wa maofisini, wale wanaonunua huku wakitazama pembeni wasionekane. Jioni nikirudi nyumbani miguu imevimba hadi ndala hazivuliki. Choo hakuna, kwa hiyo tangu asubuhi mpaka saa nane maji nayapitisha mdomoni tu. Hayo nimeyazoea, silalamiki. Ninalokuandikia ni jingine.

Tuko kumi na wanne pale kwenye kona. Kila Jumamosi kila mmoja anatoa hela, karibu faida ya nusu siku, anampa mzee mmoja tunayemwita Babu. Babu anaipeleka kwa wakubwa. Wakubwa hao ni nani hajawahi kusema, na sisi hatujawahi kuuliza. Tunachojua ni kwamba lori la mgambo likiwa linakuja Babu anapigiwa simu, naye anatupigia sisi, tunakusanya vyombo tunajibanza kwenye uchochoro nyuma ya ghala mpaka lipite. Ndiyo maana tunaiita hela ya simu.

Na usidhani ndiyo pekee tunayotoa. Kila asubuhi anapita kijana wa manispaa na kitabu chake, anakusanya ushuru wa siku, anachana karatasi anakupa. Karatasi zenyewe nyembamba, zinashika moto vizuri. Mimi nazichomeka kwenye gunia la mkaa, kesho yake ndizo ninazowashia jiko.

Mwezi uliopita mwanangu wa mwisho aliugua, nikakosa Jumamosi mbili. Babu hakusema neno. Wiki iliyofuata, Jumanne kama saa tano, nilikuwa nimeinama nachota mchuzi nikaona mwenzangu tunayekaa naye chini ya mwavuli mmoja anafunga vitu vyake mbiombio. Nikadhani mvua. Nikatazama juu, jua kali. Kugeuka, kona nzima tupu, nimebaki mimi na wateja wawili na sahani zao mkononi. Lori limeshasimama.

Chakula walikimwaga mtaroni. Wakachukua sufuria mbili, benchi, na jiko likiwa bado na moto. Hawakuandika popote, hawakunipa karatasi. Kesho yake nilipokwenda kuulizia, mtu wa getini alinitajia faini ambayo ningeweza kununulia sufuria mbili mpya na chenji ikabaki. Nikaomba risiti ya hiyo faini, akacheka. Sufuria yangu kubwa niliiona palepale uani, naijua kwa kibonyeo chake chini ya sikio la kushoto. Ilikuwa wazi, imejaa maji ya mvua na majani. Sufuria hiyo aliniachia mama yangu.

Sasa, Shangazi, mambo mawili yamekuja pamoja. Babu amechoka, macho hayaoni vizuri, na wenzangu wamekaa wakaamua mimi nishike mfuko. Wanasema najua kuandika, sina tamaa, tena mwenye kukusanya halipi. La pili, tumeambiwa kabla ya mwaka kwisha tutahamishiwa kwenye jengo jipya la soko, mbali na kituo, na majina yanaandikwa. Anayeyaandika ni huyohuyo Babu.

Binti yangu mkubwa anasema niachane na barabara nikatafute kazi ya ndani. Mwenzangu wa mwavuli amekuja kuomba radhi, analia, sijamjibu. Tunakaa tumepeana mgongo chini ya kivuli kimoja.

Nikiukataa mfuko, nani atanipigia simu? Nikiukubali, nitakuwa nani?

Mama wa Sufuria Tatu (sasa moja)

* * *

Marahaba, mwanangu. Pole kwa sufuria, na pole zaidi kwa mtoto.

Umeniuliza mengi, lakini nitaanza na jambo ambalo hukuuliza. Umelitaja tu njiani, kama mtu anayesema jana kulikuwa na upepo: zile karatasi unazowashia moto.

Acha kuzichoma, mama. Kuanzia kesho asubuhi washia kitu kingine chochote. Kila karatasi ile ni maandishi ya manispaa yenyewe, yenye tarehe, yanayosema kwamba siku fulani tulimkuta mtu anauza hapa na tukapokea hela yake. Saa mbili asubuhi wewe ni mlipa ushuru, saa tano wewe ni mvamizi wa barabara. Usije tu ukaipunga mbele ya mgambo ukidhani imekupa kiwanja, maana risiti ya ushuru si leseni. Kazi yake ni kuonyesha kwamba hukujificha, kwamba ofisi inajua upo, na tangu lini. Miaka tisa ya karatasi hizo ingejaza kopo kubwa la rangi. Hebu jione umeingia nalo kwenye kikao cha kugawa vizimba, umeliweka mezani, mwingine yeyote anayedai alikuwepo pale kona naye aweke lake.

Zilizoungua zimeungua. Hizi za sasa mwombe yule kijana aandike jina lako na mahali, na kama kitabu chake hakina nafasi hiyo, andika wewe nyuma palepale. Chomeka kwenye waya, mwezi ukiisha funga kwa uzi. Siku wakiacha kitabu wakaja na kimashine, kumbuka karatasi za kimashine hufutika zikikaa kwenye joto, nawe unaishi na joto. Zipige picha siku hiyohiyo.

Sasa mfuko. Usiuchukue.

Sikuambii hivyo kwa sababu ya kukuhubiria, mahubiri ninayaacha kwa wenyewe. Karibu kila nchi sheria ya rushwa humshika anayepokea, anayetoa na anayepeleka. Babu kwa miaka yote hiyo hakuandika kitu, yote yamo kichwani mwake tu. Wewe wanakutaka kwa sababu unajua kuandika. Fikiri kidogo: majina kumi na manne kwa mwandiko wako, kiasi mbele ya kila jina, na simu yako ndiyo inayopigiwa na hao wakubwa. Siku wakubwa wakigombana wenyewe kwa wenyewe, daftari litakalotafutwa ni lako. Hiyo nafuu ya kutolipa Jumamosi ni bei ndogo mno kwa mtu kubeba kesi ya watu kumi na wanne.

Halafu tazama mlichokuwa mnanunua. Kibali hamna, na choo wala bomba la maji hamkupata. Mmekodi king'ora, na mwenye king'ora anachagua kimlilie nani. Ulikosa Jumamosi mbili kwa ajili ya mtoto mgonjwa, kikazimwa upande wako. Mimi nikisoma barua yako sioni kwamba simu ile ilisahaulika. Lori lile lililetwa kwako ili wengine kumi na watatu waone.

Biashara ya namna hii si ya mji wenu peke yake. New York, mwaka 1983, halmashauri iliweka kikomo cha vibali vya kuuza chakula barabarani, kama 3,000 hivi kwa jiji zima, na kikomo kikakaa miongo huku wachuuzi wakiongezeka. Kibali ambacho ofisini kiligharimu dola 200 kwa miaka 2 kikawa kinakodishwa kichinichini kwa zaidi ya dola 20,000. Mwenye mkokoteni alikuwa anaamka usiku kama wewe, faida inakwenda kwa mtu ambaye hajawahi kushika mwiko. Mwaka 2021 ndipo jiji likapitisha sheria ya kuongeza vibali kidogokidogo, baada ya wachuuzi wenyewe kupiga kelele kwa miaka. Babu wa kule pengine anavaa suti, ila kazi yao moja: haki ikiwa adimu, hutokea mtu wa kukaa mlangoni.

Sasa ukikataa tu ukanyamaza, watampa mwingine mfuko, nawe utabaki umekaa peke yako kama Jumanne ile. Kwa hiyo nenda na pendekezo. Waambie: Jumamosi tutachanga kama kawaida, watu walewale, kiasi kilekile, na nitakusanya mimi, lakini hela inabaki kwetu. Kila anayetoa anapata risiti, kitabu cha risiti kinapatikana duka lolote la vifaa vya ofisi. Watu watatu washike fedha, asiwepo wa kuitoa peke yake. Itumike kulipa dirishani ada zile halali ambazo kila mtu anaziogopa akiwa mmoja: leseni, cheti cha afya, usajili wa kikundi. Itakayobaki iwe akiba ya siku ya lori, ili mtu akinyang'anywa asilale njaa na watoto wake.

Wapo watakaosema sisi wachuuzi hatuna mwajiri, chama cha nini? Neno hilo waliambiwa pia wanawake wa Ahmedabad, India, waliposhika njia na mwanasheria Ela Bhatt mwaka 1972 kwenda kusajili SEWA, chama chao cha wanawake waliojiajiri. Ofisi ya kazi ilisita: mtagoma dhidi ya nani? Wakajibu kwamba chama ni cha kuwaunganisha wafanyakazi, si lazima kiwe cha kumpinga mtu. Kikasajiliwa, na wauza mboga na wapika chakula wamo humo hadi leo. Miaka 30 baadaye, 2002, vyama vya wachuuzi wa nchi mbalimbali viliunda muungano wao, StreetNet International, makao Durban, Afrika Kusini. Uliza kama mjini kwenu kuna chama kilichojiunga nao kabla hamjaanza kuchonga mhuri wenu.

Sitakudanganya kuhusu wiki za mwanzo. Anayelipwa kuuza tahadhari hatafurahi kuona soko lake limefungwa, na lori linaweza kuja mara mbili mfululizo. Jipangeni. Mtu asije na vyombo vyote. Sufuria moja motoni, nyingine zikae mahali mtu anaweza kuzifuata kwa miguu. Na ulipouliza nani atakupigia simu, nilishangaa kidogo. Mko kumi na wanne, kila mmoja ana simu. Wekeni zamu, mmoja akae upande lori linakotokea, abadilishwe kila baada ya saa moja. Hiyo haina Jumamosi.

Tuje kwenye sufuria.

Kunyang'anya mali ya mtu ni tendo linalohitaji sheria. Lazima liwe na kifungu, mwenye mamlaka, na karatasi. India ina sheria ya mwaka 2014 iliyoandikwa mahsusi kwa wachuuzi wa barabarani, nami nakutajia kwa sababu imeweka wazi yale ambayo kwingine yanafichwa. Humo anayechukua bidhaa ni lazima atoe orodha. Mwenye mali akidai, vinavyoharibika virudishwe siku hiyohiyo, visivyoharibika ndani ya siku 2 za kazi. Kuhamishwa kunataka taarifa ya siku 30. Na kamati inayopanga maeneo, angalau asilimia 40 ya wajumbe wawe wachuuzi wenyewe, na theluthi ya hao wawe wanawake. Utekelezaji wake umesuasua miji mingi, hilo lazima niliseme, lakini mtu akiwa na kifungu mkononi haongei kama anayeomba sadaka.

Afrika Kusini nako. Mwishoni mwa 2013 jiji la Johannesburg lilifagia maelfu ya wachuuzi katikati ya mji, wenye vibali na wasio navyo kwa pamoja. Wakaenda mahakamani, na Desemba mwaka uleule Mahakama ya Katiba ikaamuru waliohusika na kesi ile warudi mahali pao. Mwaka 2015 mchuuzi mmoja wa Durban aliyechukuliwa bidhaa zake alishinda kesi Mahakama Kuu, na vifungu vya sheria ndogo ya jiji vilivyoruhusu kuchukua mali kiholela vikatupwa. Alikuwa mtu mmoja mwenye meza ndogo.

Sheria za kwao hazitakurudishia sufuria, kwa hiyo nenda na za kwako. Kila manispaa ina sheria ndogo zilizoandikwa, na kwa kawaida mwananchi ana haki ya kuzisoma. Wewe na mwenzako mmoja nendeni mkaombe nakala ya inayohusu biashara barabarani. Mtazame vitu vichache tu: nani anaruhusiwa kuchukua mali, faini imeandikwa kiasi gani, vitu vinatunzwa siku ngapi, na rufaa inapelekwa kwa nani. Nina shaka kubwa kwamba faini aliyokutajia mtu wa getini imo humo. Ingekuwemo, risiti isingemchekesha.

Siku nyingine lori likikukuta, usigombanie sufuria yenye moto. Nimewahi kuona mama ameungua kifua kwa mafuta akivutana na askari, na yule askari naye aliungua mikono. Achia. Uliza kwa sauti ambayo wateja wataisikia: jina lako nani, kifungu gani, orodha yangu iko wapi. Mteja mmoja arekodi, asogee mbali kidogo, asitukane. Jioni hiyohiyo kabla ya kulala andika kilichochukuliwa, kimoja kimoja, pamoja na chakula kilichomwagwa na thamani yake. Watu huandika vyombo wakasahau chakula, wakati chakula ndicho mtaji.

Lakini na wewe nikuseme kidogo. Mahakama ya Juu ya India mwaka 1989 ilisema kuuza barabarani ni haki ya kufanya kazi kama kazi nyingine, ikipangwa vizuri, na katika hukumu hiyohiyo ikasema haki hiyo haimpi mtu sehemu moja maalumu ya njia kuwa yake. Naona ni sawa. Njia ni ya asiyeona na fimbo yake, ni ya mwenye kiti cha magurudumu, ni yangu mimi ninayetembea polepole. Mabenchi ya kona nyingi yameshanisukuma hadi kwenye magari. Pimeni, mwache nafasi watu wawili wapishane bila kugusana, chora mstari wa chaki mkiwa na ubishi. Hapo atakayekuja na neno "mnaziba njia" mtampeleka kwenye mstari.

Neno lao la pili huwa ni afya, na hilo wana haki nalo, kwa hiyo litangulieni. Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo mfupi mwaka 2001. Chakula kiive mpaka katikati kifike nyuzi 70, cha moto kikae juu ya nyuzi 60, kilichopikwa kisikae nje ya moto au baridi zaidi ya saa 2, kibichi kisikutane na kilichoiva. Kwa lugha ya jikoni: sufuria ya mchuzi isishuke motoni ikasubiri wa mchana, kisu cha nyama kisikate kitu kingine. Na dumu la maji liwe na kibomba, uliinue juu ya tofali, sabuni ining'inie hapo na uzi. Mteja anayenawa mbele ya watu anakutangazia biashara bure.

Kuhama sikukatazi. Singapore iliandikisha wachuuzi wake wa barabarani kuanzia 1968, kama 18,000 hivi, kisha ikawahamishia kwenye vituo vilivyojengwa kati ya 1971 na 1986. Leo utamaduni wa vituo vile umo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni tangu 2020. Ila vituo vile viliwekwa karibu na watu wanakokaa na kufanya kazi, vikapewa maji, umeme na mifereji. Jengo lenu liko mbali na kituo cha mabasi, na wateja wako ni wa kituo cha mabasi. Mlinzi aliyetoka lindo hapandi gari kwenda kufuata chai. Kabla hamjakubali, nendeni kumi na wanne mkakae pale siku nzima, toka alfajiri, mhesabu wanaopita. Andikeni. Muulize vizimba ni vingapi na walioandikwa ni wangapi, kodi baada ya miezi sita itakuwa ngapi, na ndugu wa nani wameingia kwenye orodha wasiowahi kupika hata siku moja.

Orodha hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko lori. Mkono uliokuwa unachagua nani apigiwe simu ndio unaochagua nani awe na kizimba. Tengenezeni yenu: jina, picha ya mtu amesimama na meza yake, mwaka alioanza, nakala ya risiti. Ipelekeni ofisini nakala mbili, moja ibaki, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Ombeni ya Babu ibandikwe ukutani kila mtu aione. Mkiulizwa kwa nini, kuna Pendekezo namba 204 la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 2015, linalotaka serikali zirasimishe kazi kama zenu bila kuua riziki ya watu, na linataja wazi matumizi ya maeneo ya umma kwa utaratibu. Si sheria ya kumfunga mtu, lakini afisa aliyesoma analijua, na asiyelijua atakwenda kuuliza.

Babu msimtukane. Huenda naye alianza kwa kuokoa vyombo vyake. Ila asishike kalamu.

Binti yako anakupenda, ameona miguu yako. Mjibu kwa upole kwamba kazi ya ndani nayo mara nyingi haina mkataba, wala siku ya mapumziko, na huko hutakuwa na wenzako kumi na watatu. Watu bilioni 2 duniani, zaidi ya sita katika kila kumi wanaofanya kazi, wako nje ya mfumo rasmi kwa hesabu ya Shirika hilohilo la Kazi Duniani (ILO) ya mwaka 2018. Kuhama kutoka kona moja ya hiyo bilioni kwenda nyingine si kuondoka. Akitaka kusaidia, mpe daftari la mahesabu. Na mwambie suala la choo mliweke namba moja kwenye barua yenu ya kwanza kwa manispaa, maana kuzuia maji siku nzima miaka tisa ni jambo la kumwona daktari, hata kama umelizoea.

Mwenzako wa mwavuli alikukosea, na usimwambie kwamba hakukosea. Alikuwa na sekunde chache za kuchagua kati yako na watoto wake, na hela ya simu imetengenezwa hivyo hasa, ili mtu akiokoka aokoke kimya. Mpe kazi. Jumatatu mwende wote wawili pale uani na barua yako ya kudai vyombo, nakala mbili, yeye ndiye shahidi aliyeona vikichukuliwa. Ahueni ya moyo wake ataipata humo kuliko kwenye machozi.

Na mkifika, kabla hujaigusa ile sufuria ya mama yako, usimwage maji ya mvua. Ipige picha kwanza vilevile ilivyo, na majani yake ndani, na kile kibonyeo chini ya sikio la kushoto kionekane.

Shangazi